Jeanne Baret: Mtumishi aliyeizunguka dunia nyuma ya ua la bogenvilia

Ukilivuka daraja la Nyali na kuishika barabara iendayo Malindi, haupiti muda kabla hujafika Bombolulu. Hapo pana kila namna ya shughuli: maduka, mafundi seremala, nyumba za kupanga zilizosongamana, na kile kiwanda cha ufundi cha watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1969, ambacho mikufu na nguo zake hununuliwa na wageni na kupelekwa ng'ambo. Lakini katika msongamano huo wote kuna kitu kimoja kisichokosekana, awe mwenye nyumba ana ghorofa au ana chumba kimoja cha mabati. Nacho ni bogenvilia iliyotambaa juu ya ukuta, nyekundu, ya zambarau, nyeupe, ama ile yenye rangi ya chungwa lililoiva.

Kichaka hiki hakihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Pwani. Kina miiba mikali, majani yake ni mabichi karibu mwaka mzima, na kazi yake ya kwanza ni kumzuia mwizi na mbuzi wa jirani. Uzuri ni nyongeza tu. Ua lake halina harufu ya kumwita mtu, ndiyo maana bibi zetu hawakulitia katika kikuba pamoja na asmini, rehani na mkadi, wala halimwagwi kitandani mwa bi harusi. Limebaki huko nje ukutani, kama askari wa zamu.

Ni wachache, hata miongoni mwa wale wanaoipogoa bogenvilia kila mwaka, wanaojua kuwa jina hilo ni la mtu. Ni la nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyeongoza msafara wa merikebu mbili kuizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Na ni wachache zaidi wanaojua kuwa nahodha huyo hakuwa mtaalamu wa mimea hata kidogo. Aliyeliandika ua hilo katika daftari alikuwa daktari mmoja aliyekuwa akichechemea kwa kidonda cha mguu, na aliyepanda vilima akibeba mizigo ya daktari huyo alikuwa mtumishi wake, kijana aliyejiita Jean. Kijana huyo alikuwa mwanamke. Jina lake la kweli lilikuwa Jeanne Baret, na leo twasimulia maisha yake.

Mtoto wa kibarua

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1740 katika kijiji cha La Comelle, jimbo la Burgundy, Ufaransa. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani, mtu wa kulipwa kwa siku, asiyekuwa na ardhi yake mwenyewe. Huko alikozaliwa, mtoto wa kike wa kibarua alikuwa na njia mbili tu mbele yake: kuolewa na kibarua mwingine, au kwenda kutumika katika nyumba ya tajiri. Baret akaifuata ile ya pili.

Tajiri aliyemwajiri alikuwa Philibert Commerson, daktari aliyezaliwa mwaka 1727. Bwana huyo alikuwa na wazimu wa mimea. Husimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Montpellier alipigwa marufuku kuingia bustani ya mimea ya chuo, kwa sababu alikuwa akikata matawi bila ruhusa. Mwaka 1762 mkewe alifariki baada ya kumzalia mtoto wa kiume. Nyumba ikabaki na mjane mwenye kichwa kilichojaa maua, mtoto mchanga, na mtumishi wa kike mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Yaliyofuata si ya ajabu. Mwaka 1764 Baret alikuwa mja mzito. Sheria ya Ufaransa wakati huo ilimtaka mwanamke asiyeolewa aende akaitangaze mimba yake mbele ya mwenye mamlaka. Akaenda, lakini akakataa kabisa kumtaja baba wa mtoto. Wote wawili wakahamia Paris. Mtoto alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka huo, akapelekwa katika nyumba ya watoto waliotupwa, na haukupita muda mrefu akafa. Commerson naye alimwacha yule mwanawe wa halali kwa shemeji yake aliyekuwa padri, na inasemekana hakumwona tena maishani. Msomaji atampima mwenyewe bwana wa namna hiyo. Jambo lisilo na shaka ni kwamba alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na Baret ndiye aliyemuuguza.

Basi ikaja habari kubwa. Mfalme wa Ufaransa alikuwa anatuma msafara kuizunguka dunia, na Commerson akateuliwa kuwa mtaalamu wa mimea wa msafara huo. Alipewa haki ya kuchukua mtumishi mmoja kwa gharama ya serikali. Mtumishi aliyemtaka alikuwa mmoja tu, na mtumishi huyo alikuwa amekatazwa na sheria. Tangu mwaka 1689 jeshi la majini la Ufaransa lilipiga marufuku wanawake kusafiri katika merikebu zake.

Dawa waliyoiona ilikuwa rahisi na ya hatari. Mwezi wa Desemba 1766, katika bandari ya Rochefort, kijana mmoja akajitokeza gatini kuomba kazi kwa daktari aliyekuwa akitafuta msaidizi. Walijifanya hawajuani. Kabla ya hapo Commerson alikuwa ameandika wasia, akamwachia mtumishi wake wa kike fedha kiasi cha livre 600 na vyombo vya nyumba ya Paris. Nadhani wasia huo unatuonyesha kwamba alijua vyema ni nani anayetia maisha yake hatarini.

Merikebu yao iliitwa Étoile, ikiwa ndiyo iliyobeba vyakula na vifaa. Ilitweka tanga tarehe 1 Februari 1767. Kwa sababu ya wingi wa makasha na vyombo vya daktari, nahodha aliwapa chumba chake mwenyewe, na jambo hilo ndilo lililomwokoa Baret. Laiti angelala na mabaharia wengine, siri isingemaliza wiki. Hata hivyo minong'ono ilianza mapema. Mtu asiyeota ndevu, asiyevua shati, asiyeoga na wenzake wala kujisaidia mbele za watu katika merikebu yenye wanaume zaidi ya mia moja! Alipobanwa sana alidai kuwa yeye ni towashi. Wengine wakanyamaza kwa haya, wengine wakaendelea kunong'ona.

Kilima cha Rio

Mwezi wa Juni 1767 Étoile ilitia nanga Rio de Janeiro, nchini Brazili. Mguu wa Commerson ulikuwa umevimba na kutunga usaha, hata daktari wa merikebu akahofia kwamba huenda ukakatwa. Lakini nchi ilikuwa imechanua, na mtu yule hakuweza kukaa melini huku maua yakimngoja pwani. Akashuka akijikokota. Baret akatangulia na vyombo vyote: makaratasi ya kukaushia, mbao za kubania majani, chakula, maji na bunduki. Huko ndiko walikokikuta kichaka chenye miiba kilichoparamia miti mingine, kikiwa kimevaa rangi ya zambarau toka shinani hadi juu.

Wako wanahistoria wa siku hizi wanaosema kuwa, kwa hali ya mguu ule, mkono uliolikata tawi la kwanza hauwezi kuwa mwingine ila mkono wa Baret. Hakuna aliyeandika hivyo wakati ule. Mimi naona wana haki ya kusema hivyo, maana aliyeumwa mguu hapandi kilima chenye miiba. Commerson mwenyewe katika maandishi yake anamfananisha msaidizi wake na mnyama wa kubebea mizigo, na kwa namna alivyolisema, ilikuwa sifa.

Hapa msomaji aniwie radhi niiache Étoile bandarini kidogo, tukitazame kichaka chenyewe. Watu huniuliza kwa nini bogenvilia ya jirani inawaka kama moto na yao ina majani matupu, na jibu limo katika vile vilima vya Rio.

Kwanza, ile rangi tunayoiita ua si ua. Ni majani matatu yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi ya kufungia peremende. Maua yenyewe ni vile vijiti vidogo vyeupe vilivyo katikati, kimoja katika kila jani. Ndiyo maana rangi hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Ua la kweli lingekuwa limekwisha kudondoka.

Pili, huu ni mmea wa jua na wa kiu. Ukiupanda chini ya mwembe utapata majani. Ukiumwagia maji kila jioni kama mchicha utapata majani. Ukiulimbikizia mbolea ya chumvichumvi ya dukani, ile ya kukuzia mahindi, utapata majani mengi zaidi na matawi marefu yanayowararua wapita njia. Unataka jua la mchana kutwa na mahali maji yasipotuama. Mchanga wa Kisauni, wenye vipande vya matumbawe chini yake, ambao unamkatisha tamaa mtu anayetaka kupanda waridi, kwa bogenvilia ni mahali pema. Upepo wa bahari hauudhuru sana. Hata maji ya visima vyetu yenye chumvi kidogo huyastahimili, ingawa ni bora miche midogo ipewe maji matamu.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika. Kata tawi lililokomaa nusu, lisilo la kijani kibichi wala gumu kama kuni, unene wa kalamu, urefu wa shubiri moja. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, ulichomeke katika kopo lenye mchanga na samadi kuukuu ya mbuzi, uliweke kivulini na kuulinda mchanga usikauke. Usilivute kila siku kutazama kama limeota mizizi! Ndani ya miezi miwili litajisemea lenyewe kwa majani mapya. Kisha chimba shimo la futi mbili, ondoa mawe makubwa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: mizizi ya bogenvilia ni laini, haitaki kutikiswa. Pasua kopo, uiweke pamoja na udongo wake wote kama ulivyo. Kwa ua wa kuzunguka nyumba, acha mita moja kati ya mche na mche.

Mwaka wa kwanza mwagilia. Baada ya hapo punguza, na wakati wa kaskazi, jua linapopasua, uache uone kiu mpaka majani yaanze kulegea kidogo ndipo uupe maji ya kushiba. Kiu hiyo ndiyo inayoutisha na kuufanya utoe maua. Nao huchanua katika ncha za matawi mapya, kwa hivyo kila maua yanapokwisha, pogoa. Watu huona huruma kukata. Lakini tawi zee lisilokatwa hurefuka tu hewani, likachanua huko juu ya paa ambako wewe mwenyewe hulioni. Vaa viatu na ufunge mikono kwa kitambaa kizito, maana mwiba wake ukivunjika mwilini huleta usaha. Wanaolijua hilo kuliko sote ni wale watunza bustani wanaoamka Bombolulu na Kisauni alfajiri na kwenda kwa miguu kutunza nyua za Nyali, wakarudi jioni mikono imechorwachorwa.

Siri yafichuka

Turudi baharini. Kutoka Rio msafara ulikwenda kusini mpaka mlango wa bahari wa Magellan, mahali pa baridi kali na mvua ya theluji. Huko Commerson na mtumishi wake walipanda majabali na kuvuka mabonde ya barafu wakichuma mimea. Bougainville mwenyewe, aliyekuwa katika merikebu nyingine, aliandika baadaye kwa kustaajabu jinsi mtu yule alivyobeba mizigo katika safari hizo kwa moyo na nguvu.

Mwezi wa Aprili 1768 walifika Tahiti. Baret aliposhuka ufukweni na kasha lake la mimea, wenyeji walimzunguka mara moja, wakapiga kelele kwamba huyu ni mwanamke. Mabaharia walikuwa wamekaa naye mwaka mzima na zaidi wakibishana, na watu wa Tahiti, wasiojua lolote juu ya suruali za Kizungu na maana yake, hawakuhitaji hata saa moja. Ofisa mmoja ilimbidi amlinde mpaka mashuani. Wiki chache baadaye, melini, Baret alikiri mbele ya Bougainville huku machozi yakimtoka. Lakini hata hapo alimkinga bwana wake. Alieleza kwamba yeye ni yatima aliyepoteza mali yake katika kesi, kwamba alimdanganya daktari pale Rochefort, na kwamba daktari hakujua lolote. Daktari ambaye alikuwa akilala naye chumba kimoja!

Bougainville hakumwadhibu. Alisema kwamba huyo ndiye mwanamke wa kwanza kujaribu jambo hilo, na aliheshimu ujasiri wake. Ila habari hiyo isingeweza kufika Ufaransa bila mtu kuulizwa. Kwa hivyo merikebu zilipofika kisiwa cha Mauritius, ambacho wakati ule kiliitwa Ile de France, mnamo Novemba 1768, iliwafaa wote kwamba Commerson na Baret washuke na kubaki. Mtawala wa kisiwa, Pierre Poivre, alikuwa rafiki wa Commerson na mpenda mimea mwenzake. Bougainville akaendelea na safari, akafika kwao Machi 1769 na kupokewa kwa shangwe.

Basi Baret akaingia katika Bahari yetu ya Hindi, akakaa kiasi cha miaka saba. Nyumba ya Poivre ilizungukwa na bustani ambayo hata leo wageni huenda kuitazama, Pamplemousses. Mwaka 1770 majahazi ya Poivre yalileta huko miche ya karafuu iliyotolewa kwa siri katika visiwa vya Maluku, vilivyokuwa chini ya Waholanzi. Commerson na Baret walikuwa papo kisiwani. Uzao wa karafuu hizo ndio uliofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na sote twajua yaliyotokea huko Unguja na Pemba.

Na aliyechimba mashimo ya miche hiyo ni nani? Si Poivre, wala si Commerson. Kisiwa kile kilifanyiwa kazi na watumwa kutoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka. Wakazi wa Kisauni, ambao mtaa wao wa Frere Town ulianzishwa mwaka 1875 kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Katika orodha za wataalamu waliozitunza bustani zile, majina ya wachimbaji hayamo.

Mwaka 1770 na 1771 Commerson alizuru Bukini, yaani Madagaska, na kisiwa cha Bourbon ambacho sasa ni Réunion, akakusanya mimea isiyohesabika. Huko Bukini alikuta kichaka kimoja kilichomchekesha na kumfikirisha. Majani yake hayakufanana ingawa yalikuwa katika mti mmoja, na maua yake hayakujitambulisha wazi kama ni ya kiume au ya kike. Akakumbuka msaidizi wake na suruali zake. Akakiandika katika daftari kwa jina la Baretia.

Mambo yakaharibika baada ya hapo. Poivre aliitwa arudi Ufaransa mwaka 1772, na mtawala mpya hakuwa na haja na watu wa maua. Afya ya Commerson ikazidi kudhoofu, fedha zikakatika. Alifariki tarehe 13 Machi 1773 mahali paitwapo Flacq, akiwa na miaka 45. Katika siku hizo hizo, huko Paris, Chuo cha Sayansi kilimchagua awe mwanachama wake bila kujua kwamba mtu huyo ni maiti. Makasha yake zaidi ya 30 yalitwaliwa na serikali na kupelekwa Paris. Baret akabaki kisiwani bila bwana, bila mshahara, bila nauli.

Hakukaa akilia. Alifungua mgahawa wa kuuza vinywaji katika bandari ya Port Louis, na mwishoni mwa mwaka huo huo akatozwa faini kwa kuuza pombe siku ya Jumapili wakati wa ibada. Tarehe 17 Mei 1774 aliolewa kanisani na askari Mfaransa, Jean Dubernat. Kiasi cha mwaka mmoja baadaye mume na mke walipanda chombo kurudi kwao, na siku Baret alipokanyaga tena ardhi ya Ufaransa akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana katika historia kuizunguka dunia nzima. Hapakuwa na mizinga wala umati gatini.

Mwaka 1776 alilipwa kile alichoachiwa na Commerson katika wasia. Walikwenda kuishi Saint-Aulaye, kijijini kwa mumewe. Mwaka 1785 wizara ya majeshi ya majini, kwa utetezi ambao watu wengi wanaamini ni wa Bougainville, ilimpa pensheni ya livre 200 kwa mwaka, ikikiri kwamba alishiriki kazi na hatari za mwana sayansi yule. Ikumbukwe kuwa ni wizara ile ile iliyokuwa na sheria ya kumkataza asipande. Alifariki tarehe 5 Agosti 1807, akiwa na miaka 67.

Majina

Mwaka 1789 mtaalamu wa Paris, Antoine-Laurent de Jussieu, aliyapitia makaratasi ya Commerson na kulitangaza rasmi jina la ua la Rio. Nahodha akapata ukumbusho ambao mafalme wameukosa. Baadaye ua hilo likatapakaa katika nchi zote zenye joto. Kwetu Kenya aliyelitukuza zaidi ni Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za Jiji la Nairobi, aliyelipanda kando ya barabara kuu katika miaka ya 1950. Kila aina mpya ilipozuka ilipewa jina la mtu, na mara nyingi la mwanamke: nyekundu iliyopelekwa Trinidad mwaka 1910 ikaitwa Mrs Butt, na nyingine inayouzwa katika vitalu mpaka leo ikaitwa Isabel Greensmith. Wako wake wa wakubwa wengi katika orodha hiyo. Baret hayumo.

Na ile Baretia ya Bukini je? Jina hilo halikutangazwa. Commerson alikufa nalo daftarini, na makasha yalipofunguliwa Paris ilionekana kichaka kile ni cha jamii ambayo Linnaeus wa Sweden alikuwa ameipa jina la Turraea mwaka 1771. Likafutwa. Ilikuwa lazima ingojwe hadi mwaka 2012 ndipo wataalamu wa Marekani walipoupa mmea mmoja wa Amerika ya Kusini, ndugu wa mnyanya na mbilingani, jina la Solanum baretiae. Mmea huo unaota kusini mwa Ekwado na kaskazini mwa Peru, nchi ambazo Baret hakuzifikia.

Lakini jamii ile ya Turraea haikuishia Bukini. Iko hapa kwetu. Inaota katika misitu ya Pwani, toka Shimba mpaka kaya za Wamijikenda, vichaka vya kiasi vyenye maua meupe ya umbo la mrija mwembamba. Mmoja wao una jina la Wakefield, yule mmishenari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, nyuma tu ya Kisauni, tangu miaka ya 1860. Katika vitalu vya kando ya barabara ya Malindi ni nadra kuukuta ukiuzwa. Wateja wanataka bogenvilia, na zaidi ile ya rangi ya chungwa. Lakini mwenye kitalu mwenye subira, atakayeziokota mbegu zake zinapopasuka na kuzipanda kivulini katika samadi kuukuu kabla hazijakauka, hatakosa kuujaribu mche mmoja kando ya ukuta wake.